Pipa la Bluu na Shingo ya Safiya

Jumatatu, 1 Septemba

Kwa wakaaji wote wa avenyu yetu, kwa Kabondo nzima, na kwa mende wa jikoni ambao hawakuweza kuhudhuria: inatangazwa kwamba kuanzia leo nyumba hii ina pipa. Ni la plastiki, la bluu, lina kifuniko chake halisi, na limewekwa rasmi chini ya ukingo wa bati mbele ya mama yangu, dada yangu Mwanahamisi, binti zake Safiya na Nuru, na kuku mmoja aliyekuwa akipita kwa shughuli zake. Hotuba ilitolewa na mimi, Mohamadi, muuza chumvi, mwanamume pekee wa nyumba tangu shemeji aende Opala kujenga nyumba ambayo, kwa muda inaouchukua, lazima itakuwa ikulu.

Pipa nimelipata kwa Carlos, yule wa mtoni anayepanda na kushuka na mashua yake ya mbao kati ya Isangi, Yangambi na hapa Kisangani. Nilimpa mfuko wa chumvi, akanipa pipa. Nikamuuliza lilibeba nini.

"Mawese, papa Chumvi. Mawese tu."

Mama yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Koko, yaani bibi, aliingiza kichwa chote ndani akanusa.

"Hii haiko harufu ya mawese."

"Plastiki nayo ina harufu yake, Koko."

Nililiosha kwa sabuni ya unga na ndimu, nikasoma bismillahi kwa sauti ili pipa lisikie.

"Tonton," yaani mjomba, akasema Safiya, ambaye ana miaka kumi na anajibu kama mwenye arobaini, "sasa hatuendi tena kuteka maji kule chini?"

"Hamwendi. Kesho unaenda shule."

"Basi pipa hii haijanisaidia kitu."

Jumatano, 3 Septemba

Mvua. Pipa limejaa. Hotuba ya pili imekataliwa na dada yangu.

Ijumaa, 5 Septemba

Maulidi. Watoto wa mtaa walijaa uani. Mwanahamisi alitengeneza maji ya tangawizi kwa maji ya pipa, baridi kama ya friji. Safiya aliimba kasida mbele ya wazee, shingo imenyooka, sauti haina hata mkunjo. Wazee walilia kidogo, jinsi wazee wanavyolia wakijua pilau linakuja.

Jumatano, 10 Septemba

Nyumba nzima ina tumbo. Mwanahamisi, Nuru, mimi, watoto wa jirani. Choo chetu kina foleni kama siku ya uchaguzi. Aliyesalimika ni Koko peke yake. Yeye hanywi ila chai, na chai yake huchemka mpaka iombe msamaha.

Jumapili, 14 Septemba

Wote tumepona, ila Safiya alituogopesha. Homa, na maumivu chini ya tumbo upande wa kulia, akajikunja kama mkeka. Muuguzi wa mtaa alimbonyeza akasema labda ni appendicite, tungojee. Tukangoja. Leo asubuhi ameomba lituma, ndizi zake za kupondwa. Katika nyumba hii anayeomba lituma amepona. Hatuna kipimo kingine.

Jumatano, 24 Septemba

Safiya ana vinundu kwenye miundi, rangi ya zambarau, vinauma ukivigusa. Mwanahamisi anasema ameanguka kwenye toleka, baiskeli ya abiria. Safiya anasema hajapanda toleka tangu shule ifunguliwe.

"Basi ulipanda ukasahau," mama yake akamwambia.

Hiyo ndiyo sheria ya nyumba: kosa halikosi mwenyewe.

Jumatatu, 6 Oktoba

Vinundu vimeisha vyenyewe. Tangazo la furaha: Safiya amekuwa mtoto mwema. Anafagia uani kabla sijavaa viatu, anasugua sufuria, anakwenda mbio na kurudi mbio. Anakula sahani mbili na kutazama ya tatu. Koko anasema ni dua ya Maulidi. Mwanahamisi, ambaye haamini wema wa ghafla, anasema kuna kitu mtoto anataka kuomba.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mwalimu wake, Monsieur René, amekuja hadi kwenye meza yangu sokoni. Mtu mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Papa Mohamadi, mutoto yenu anaandika kama kuku anakimbia. Na hakai. Donc nimemusimamisha inje."

"Mikono ya mtoto inakua, Monsieur. Itatulia."

"Ya wengine inakua pia. Haitetemeki."

Akanunua chumvi. Nilimpunja kopo, kwa heshima ya ukoo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Anakula kama mchukuzi wa bandari na anakonda. Jioni alikaa karibu yangu nikipanga mifuko, nikaona kitambaa cha blauzi yake kinatikisika kifuani, peke yake, kama kuna ndege ndani.

"Tonton, weka mukono hapa."

Nikaweka.

"Iko nini?"

"Ni moyo."

"Najua ni moyo. Inakimbia inaenda wapi?"

Nilimwambia sijui. Akacheka, akaondoka kwenda kufagia palipofagiliwa.

Jumatano, 22 Oktoba

Mwanahamisi alikuwa anamsuka nywele, akasimamisha mikono.

"Yaya," akaniita mimi kaka yake, "njoo uone."

Chini ya koo, pande zote mbili, pamejaa. Akimeza mate, pale panapanda na kushuka. Rovu. Kwenye nyumba ya muuza chumvi.

Lazima nieleze aibu yangu ilivyo na mizizi. Koko alizaliwa juu huko, kwa Uele, ambako zamani wanawake walivaa rovu kama wengine wanavyovaa mkufu. Lake yeye lilikuwa kama papai. Siku moja gari lilikuja na sindano ya mafuta mazito yenye iode, akachomwa, na papai likanyauka. Ngozi yake bado ipo, inaning'inia kama mfuko uliomwagwa unga. Nimekua naitazama ngozi hiyo. Ndiyo iliyonifanya niuze chumvi, na chumvi yenye iode tu, yale madini yanayozuia rovu. Miaka yote wito wangu sokoni ni mmoja: "Iode, mama, iode! Shingo laini mpaka kaburini!"

Leo mama Chimène, anayeuza makayabu, samaki wa chumvi, meza ya pili, ameshasikia. Sokoni habari haina miguu, ina moteri.

"Papa Chumvi," akaniita mbele ya wateja, "ninyi kwenu munakula chumvi ya wapi?"

Wakacheka. Nami nilicheka, kwa sababu ya biashara.

Jumatano, 29 Oktoba

Hatukuuliza daktari. Kwa nini mtu amuulize daktari jambo analolijua tangu azaliwe? Rovu ni njaa ya iode, na mwenye njaa hulishwa. Asubuhi anakunywa kikombe cha maji ya chumvi. Chakula chake ninakitia chumvi mimi mwenyewe. Na Koko amenunua farmasi teinture d'iode, ile dawa ya kahawia ya vidonda, anampaka shingo nzima kwa unyoya wa kuku, kutwa mara tatu, kwa mikono ya mtu anayejua anafanya nini.

"Munanipaka kama kiti," akasema Safiya.

"Kiti hakisemi," akamjibu Koko.

"Ndiyo maana kinakaliwa."

Jumatatu, 3 Novemba

Inafanya kazi! Naandika alama hii ya mshangao na sijutii. Moyo umetulia. Mikono imetulia. Jana aliandika jina lake nami nikalisoma. Alifagia mara moja tu, na vibaya, kama mtoto mwenye afya.

Sokoni nimetoa tangazo. Mama Chimène amesikiliza mpaka mwisho, kisha akanunua makopo mawili bila kunitazama.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Koko amenunua chupa nyingine.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku nyingi nilikuwa naona na sikuandika. Naandika sasa. Imerudi, na imerudi na wenzake. Moyo unapiga mpaka unauona shingoni. Jasho, hata mvua ikinyesha na sisi tumejifunika. Hawezi kupanda ngazi ya msikiti bila kushikwa. Na macho. Macho yamejitokeza, yanatazama kama mtu aliyeambiwa jambo sasa hivi na bado hajaliamini. Hata akilala hayafungi yote.

Leo Monsieur René amemleta nyumbani kwa baiskeli yake mwenyewe, amemweka kwenye bomba la mbele, mfuko wake wa shule umening'inia shingoni mwa mwalimu. Watoto darasani wamemwita bundi. Mwalimu amewasimamisha wote nje, darasa zima, amebaki ndani na Safiya peke yake, akamfundisha somo la siku.

"Papa," akaniambia pale mlangoni, shati lake limelowa na halikati tena kitu, "miye nilifikiri ni utundu. Nilimusimamisha inje juu ya ugonjwa. Jumatatu tunaenda hospitali. Nitakuja na baiskeli."

Ile chumvi niliyompunja imenikwama kooni mwenyewe.

Jumatatu, 17 Novemba

Hospitali. Tulikwenda wote: Mwanahamisi, Koko, mimi tukitembea, Safiya juu ya baiskeli, mwalimu akiisukuma kwenye matope.

Daktari ni mwanamke mdogo, Docteur Josée, ana sauti ya mtu ambaye hajalala tangu Krismasi iliyopita. Alimtazama Safiya kabla hajamgusa. Akamwambia anyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole, karatasi ikatetemeka mpaka ikaanguka. Akasikiliza moyo. Akasikiliza na shingo, kwa kile kile chombo. Sikujua kwamba shingo nayo husikilizwa.

Kisha akaona ile rangi.

"Hii ni nini?"

"Iode," akasema Koko, kwa fahari. "Na chumvi. Miye mwenyewe ninamupaka."

Daktari hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Koko, rovu yako wewe ilikuwa na njaa ya iode. Ya huyu haina njaa. Hii tezi ya shingo iko inafanya kazi kupita kiasi, na iode ndiyo kuni zake. Mwanzo inaweza kutulia kidogo, siku chache, mutu anafikiri amepona. Halafu inawaka."

Koko akashika ngozi ya shingo yake, ile inayoning'inia, akaikunja vidoleni.

Mwanahamisi aliuliza ugonjwa umetoka wapi. Daktari akaanza kumuuliza yeye. Kuna mtu wa ukoo mwenye ugonjwa wa tezi? Mtoto aliugua nini miezi ya karibuni? Tukamwambia habari ya tumbo. Upande gani? Wa kulia. Na miguu, haikutoka vinundu vya kuuma, hapa mbele? Mwanahamisi akanigeukia mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyesema toleka.

"Kuna microbe moja ya tumbo inafanya hivyo," akasema daktari. "Inaumiza kama appendicite, halafu inaleta vinundu. Askari wa mwili wanapigana nayo, wanashinda. Lakini hiyo microbe, kuna kitu kwake kinafanana na kitu cha tezi, kama watu wawili wamevaa uniforme moja. Askari wakimaliza kule, wanaiona tezi, wanafikiri adui bado yuko."

"Wanaiua?" nikauliza.

"Kwa huyu, hapana. Wanaisimamia na bunduki, inafanya kazi usiku na mchana."

Mtu wa Kisangani haelezwi hilo mara mbili. Nilikuwa mtu mzima mwaka ule majeshi mawili ya kigeni, yote yamekuja kutukomboa, yalipigana siku sita ndani ya mji wetu kwa sababu hayakukubaliana nani atukomboe. Mwokaji wa mtaa wetu aliwaokea askari mikate, mlango umefungwa, mpaka oveni ikapasuka. Adui wao sisi hatukumwona hata mmoja.

"Haiko hakika," daktari akaongeza. "Wakubwa wenyewe wanabishana. Wengine wanasema microbe inafungua mulango tu, mulango wenyewe ulikuwa ndani ya damu ya ukoo. Watoto wengi wanaugua tumbo, mumoja ndiye anapata hii. Munakula nyama ya nguruwe? Hiyo microbe inapenda sana kukaa kwa nguruwe."

"Docteur," Mwanahamisi akasema polepole, "sisi ni Waislamu."

"Samahani, mama. Ni swali ya wote."

Tukapewa vidonge vya aina mbili, vya tezi na vya kupunguza mbio za moyo. Daktari akasema vya tezi huchukua wiki kadhaa, na kwa iode tuliyomjaza vitachelewa zaidi, maana tezi imeweka akiba ya kuni. Akituona tumeinama, akasema wengi hupona.

Njiani Safiya aliuliza, juu ya baiskeli: "Donc askari wangu ni wajinga?"

"Ni waaminifu," akamjibu Monsieur René. "Ni mbaya zaidi."

Mimi nilikuwa nyuma. Nilikuwa nalifikiria pipa.

Ijumaa, 21 Novemba

Baada ya sala nimeshuka mtoni. Carlos alikuwa anapakua mikungu ya ndizi.

"Carlos. Lile pipa. Lilibeba nini?"

"Si nilikuambia? Mawese."

"Niambie tena, lakini polepole."

Akaweka mkungu chini. Ni mtu mnene mwenye uso wa kucheka. Sijawahi kuuona uso ule bila kicheko, na leo nimeona kwamba hauna cha kuweka mahali pake.

"Ngulu," akasema. Nguruwe. "Nyama ya ngulu, ya ndoa moja kule Yangambi. Ilikuwa ya chumvi, papa Chumvi. Chumvi yako, miye nilinunua kwako. Ilifika safi, watu walikula, walicheza."

"Kwa nini ulisema mawese?"

"Ningesema ngulu, ungelichukua?"

"Hapana."

"Alors, ndiyo hivyo."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka msikitini. Nikamweleza badala yake, kuhusu tumbo, vinundu, shingo, macho. Alikaa juu ya ndizi zake.

"Papa Mohamadi, miye niko na watoto watano. Wanakunywa ndani ya mapipa kama yale toka wanazaliwa. Hakuna hata mumoja." Akaushika mkungu, akauachia. "Hakuna hata mumoja," akasema tena, kama mtu anayeomba radhi kwa hilo.

Nilitaka sana kumchukia. Nilipanda kilima nikijitahidi.

Jumamosi, 22 Novemba

Kilichoguswa na nguruwe, sisi tulivyofundishwa, huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Nimelimwaga pipa, nimelilaza ubavuni, nimeosha. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilifikiri wote wamelala kwa sababu ya baridi. Nilipofika kwenye udongo nikamsikia dada yangu mlangoni.

"Yaya, unafanya nini?"

"Lina majani ndani."

"Majani."

"Na utelezi."

Alisimama pale mpaka nilipomaliza. Kisha akaingia ndani kumpa Safiya dawa.

Sitamwambia kitu ambacho sijui kama ni kweli. Watoto watano wa Carlos ni wazima. Nuru ni mzima. Mimi ni mzima, nami nilikunywa kama ng'ombe. Nitamwambia nikijua.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimerudi kwa Docteur Josée peke yangu, kumuuliza kama kuna njia ya kujua. Akasema ipo: damu ipelekwe Kinshasa, waangalie kama mwili uliwahi kupigana na microbe ile. Haitabadilisha dawa hata kidonge kimoja.

"Sasa unataka kujua ya nini, papa?"

"Nijue tu."

Akanitazama, akaandika. Kuna mtu wake anayesafiri na ndege Jumatano.

Jumanne, 25 Novemba

Damu. Safiya alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono juu ya goti langu. Mkono mwembamba, unatetemeka, na mshipa unakimbia sindano. Muuguzi alichoma, akakosa, akachoma tena. Safiya hakulia. Alinitazama tu kwa macho yale yasiyofungika, ambayo hayakuachii pa kutazama.

"Tonton, unaiuza kwa kopo?"

Damu ikaanza kupanda ndani ya kichupa, polepole, nyeusi.

"Inatosha," nikamwambia muuguzi.

"Bado kidogo, papa."

"Inatosha, nimesema."

Akachomoa.

Jumapili, 30 Novemba

Kidogo afadhali. Jasho limepungua. Ameomba lituma. Mwanahamisi alikwenda kupika akiimba, na mimi nikatoka nje nisimwone akiimba.

Koko hakai tena chumbani kwa Safiya. Anakaa uani, amejifunga kitambaa shingoni, joto hili lote. Safiya amemwita leo:

"Koko, njoo unipake."

"Imekatazwa."

"Paka na maji tu. Ninapenda ile unyoya."

Amempaka na maji. Maji niliyachemsha mimi.

Jumatano, 3 Desemba

Homa. Docteur Josée anasema ni malaria, na kwa mtoto mwingine ingekuwa malaria tu.

Alhamisi, 4 Desemba

Tumelazwa hospitali. Tunasema "tumelazwa", lakini kitanda ni chake, sisi tuko sakafuni. Homa haishuki. Anaongea bila kituo, Kifaransa cha shuleni, kasida ya Maulidi, majina ya watoto waliomwita bundi, amewasamehe mmoja mmoja isipokuwa wawili. Daktari alieleza: tezi imefungua milango yote kwa pamoja. Kuna jina la hali hiyo, lina neno tufani ndani yake. Anampa dawa zote alizo nazo. Alirudi mara nyingi kuliko alivyohitaji.

Monsieur René amekuja na daftari za darasa, anasahihisha hapo kwenye korido. Hakuna aliyemwambia akae wala aondoke.

Mwanahamisi ameshika mguu wa mtoto kama mtu anayeshika mashua isiende.

Moyo unauona kwenye shuka.

Jumamosi, 6 Desemba

Asubuhi umesimama.

Jumapili, 7 Desemba

Alizikwa jana alasiri, baba yake bado yuko njiani kutoka Opala. Bomba la mtaa lilikuwa kavu. Maji ya kumwosha yalitoka kwenye pipa. Mwanahamisi ndiye aliyeyateka. Kabla ya kuzamisha ndoo aligeuka akanitazama, nami nikatikisa kichwa kwamba ndiyo, yako safi. Akazamisha.

Darasa zima lilikuja, na wale wawili pia. Mama Chimène alipika siku nzima na hakusema neno, na kwa mama Chimène hiyo ni sadaka. Ng'ambo ya barabara, kwenye mvua, alisimama Carlos, kofia mkononi, mkungu wa ndizi miguuni. Hakuvuka. Nilimwendea.

"Ingia."

"Siwezi kuingia kwenu, papa."

"Wameingia wenye kosa kubwa kuliko lako."

Akaniuliza kama Kinshasa wamejibu, maana habari ya damu nilikuwa nimemtumia. Nikasema bado. Akalia, mtu mzima, kwa sauti. Nikasimama naye mpaka watu wakadhani tuna msiba mmoja.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimefungua meza. Nilipofungua mdomo kwa ule wito wangu, hakuna kilichotoka. Chumvi iliuzika vilevile.

Jumatatu, 15 Desemba

Koko amevua kitambaa cha shingo. Alikitundika kwenye msumari wa mfuko wa shule wa Safiya, akaenda kupumzika.

Mwanahamisi alikuja kukaa karibu yangu nikipanga mifuko, pale pale.

"Siku ile uliosha pipa," akasema.

"Ndiyo."

"Mara saba."

Nikachukua mfuko mwingine.

"Na udongo. Yaya, miye nilisoma madrasa moja na weye."

Mvua ilikuwa imeanza tena, tukaisikia inaingia ndani ya pipa, kwanza juu ya plastiki tupu, kisha juu ya maji.

"Sikutaka kukuambia kitu ambacho sijui," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana sikukuuliza." Akachukua mfuko mmoja, akaufunga vizuri kuliko nilivyoufunga mimi. "Lakini Kinshasa wakisema, utaniambia. Wakisema ndiyo, utaniambia. Wakisema hapana, utaniambia. Miye nitajua namna ya kukutazama."

"Nitakuambia."

"Hata kama ni ndiyo."

"Hata kama ni ndiyo."

Tukafunga mifuko mpaka ikaisha.

Ijumaa, 19 Desemba

Bado.

Jumatatu, 22 Desemba

Docteur Josée amepiga simu. Mwanahamisi alikuwa mbele yangu, ameacha kufagia. Damu haikutosha. Hawakupima.